Mboga ya pwani kwa basi la usiku: kilichofika Kondele na nilichokifanya nacho

Kifurushi cha kwanza kilishuka Kisumu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini kimelowa. Kijana wa mizigo alikibeba kwa ncha za vidole akaniuliza, "Mathe, unaagiza samaki Mombasa na ziwa liko hapa?" Hakikunuka samaki. Kilinuka matope ya mikoko, chumvi, na tango lililokatwa jana. Ndani mlikuwa na kilo mbili za mboga ya pwani mbichi na chupa moja ya achari ya mboga hiyohiyo. Mboga shilingi 200 kwa kilo, achari 350, usafiri 300. Jumla 1,050, na nilikuwa nimelipa yote kwa M-Pesa kabla basi halijatoka Mombasa. Kwa kulipa yote mapema nilijikosea mwenyewe, mtaona.

Nina hoteli ndogo ya samaki hapa Kondele, mtaa wa Kisumu, meza sita na jiko mbili za makaa. Kuna mzee mmoja mteja wangu, alifanya kazi bandarini Mombasa mpaka akastaafu, na kila akila ngege wangu wa kukaanga hunisifu halafu anaongeza kwamba kando ya samaki kuna kitu hakipo. Kitu chenyewe, akaniambia siku moja, ni mboga ya kutambaa ambayo watu wa pwani huichuma maji yakipwa, na inakuja na chumvi yake. Nilimcheka. Mboga gani inakuja na chumvi yake? Akanipa namba ya simu ya mama mmoja wa Kilifi anayeuza. Huyo mama sitamtaja jina, kwa sababu nina mazuri yake na mabaya yake, na biashara yenyewe anaifanyia jikoni kwake.

Nianze na mabaya. Mboga ilikuwa imefungwa ndani ya gunia la sukari, lile la nailoni, mdomo umekazwa kwa kamba. Kutoka Mombasa mpaka Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, usiku kucha chini ya basi. Robo ya mzigo ilikuwa imeiva kwa joto lake yenyewe, imekuwa uji wa kijani. Iliyobaki ilikuwa ngumu na inang'aa utadhani imechumwa saa ile. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu, maana mboga laini kama terere ikisafirishwa hivyo hufika Nakuru tayari imekwisha.

Nikaimwaga yote mezani na kuichambua shina kwa shina, kama ninavyochambua osuga (mnavu). Huu ndio mmea ambao wataalamu huuita Sesuvium portulacastrum, na huota kwenye fukwe za joto sehemu nyingi duniani, kwenye mchanga wa chumvi na nyuma ya mikoko ambako maji ya bamvua hufika. Shina lake ni nene kama waya wa umeme, jekundu au kijani chenye wekundu, na hutambaa. Kila linapogusa ardhi kwenye kifundo linatoa mizizi. Majani hukaa mawiliwili yakitazamana, marefu kuliko mapana, yamejaa maji, laini bila manyoya. Ukilivunja linalia *tap*, na maji yanayotoka ni maji kweli, meupe ya kuonekana ng'ambo. Ua ni dogo, nyota ya ncha tano, ndani waridi na nje kijani. Katika mzigo wangu yote yalikuwa yamefumba. Mama aliniambia hufunguka saa chache tu za mchana halafu hujifunga. Sasa ninalo langu kwenye kopo nyuma ya jikoni, na ni kweli. Wakati wa chakula cha mchana liko wazi, wakati wa chai ya jioni limelala.

Kuchambua huko ndiko kulikonifanya nimpigie simu. Ndani ya ile mboga nilitoa mimea mingine miwili. Wa kwanza ulifanana sana na wenyewe mpaka nikauweka upande wa sawa mara mbili. Kilichouchongea ni majani. Ya mboga ya pwani yakitazamana huwa pacha, karibu sawa kwa ukubwa. Huu ulikuwa na jani moja kubwa na mwenzake mdogo, kila kifundo, tena ya mviringo zaidi, na ua lilijificha kabisa penye kikonyo, kama mtoto nyuma ya kanga ya mamake. Huo ni gugu la mashambani, jina lake la kitaalamu ni Trianthema portulacastrum, na hata jina lenyewe ni pacha la uongo. Uko watu wanaoula ukiwa mchanga, lakini sikuulipia, na mteja akiumwa tumbo mezani kwangu hataniuliza jina la kitaalamu.

Wa pili ulikuwa shina moja tu, jembamba, na nilipolivunja likatoa maziwa. Maziwa meupe mazito, ya ukoo wa ojuok tunaoupanda kwenye ua, ule ambao ukikurukia jichoni unatafuta hospitali. Shina moja ndani ya kilo mbili. Nilikaa chini.

Sheria ya bibi yangu ilikuwa moja: mboga ya porini yenye maziwa haingii chunguni. Si kwamba isiyo na maziwa ni salama, hilo pia alilisema na kulirudia, maana kuna watu husikia nusu tu. Kukosa maziwa hakukuhakikishii kitu. Inabidi vyote vikubaliane: majani pacha, shina lenye wekundu, mizizi kwenye vifundo, ua la waridi, na ukionja ncha ya jani moja, chumvi. Kimoja kikikataa, tupa.

Mama wa Kilifi hakubishana. "Mwanangu, walichuma watoto wakati mimi niko msibani," akasema, na jioni hiyo akanirudishia shilingi 200 bila mimi kutaja kiasi. Mzigo wa pili ulikuja kwenye katoni iliyotobolewa matundu, mboga imeviringwa kwa magazeti, imechambuliwa safi. Hakuna uji, hakuna maziwa. Ningekuwa natoa nyota, mzigo wa kwanza ningeupa mbili na wa pili nne na nusu. Ile nusu imebaki kwa sababu bado ana mazoea ya kuchuma mpaka shina la chini ambalo limekuwa mti. Mie nalipia uzito wa kuni.

Kabla sijaingia jikoni, niwaambie jambo nililomuuliza kabla ya kuuliza bei: unachuma wapi? Mmea huu haunyonyi chumvi peke yake. Metali zenye sumu, kama risasi na kadimi, zikiwa udongoni unazivuta pia, ndiyo sababu watafiti huutaja kama mmea wa kusafisha udongo uliochafuliwa. Sifa hiyo ni nzuri kwa udongo na mbaya kwa sahani. Ukichumwa karibu na mtaro wa maji machafu au gereji, utakula kilichomo kwenye mtaro. Alinieleza kinaganaga: nyuma ya mikoko, mbali na mji, mahali ambapo yeye mwenyewe huchuma ya nyumbani kwake. Siwezi kwenda kuhakikisha kutoka Kondele, lakini alijibu bila kufikiri, na mtu anayedanganya juu ya mahali huwa anaanza na "unajua..."

Sasa jikoni.

Siku ya kwanza niliipika kama sukuma. Kitunguu, nyanya, mafuta, na mkono wangu ukafanya ulichozoea miaka yote: ukatia chumvi. Wateja wangu wa boda ni watu wastahimilivu, wanakula na kwenda, lakini siku ile mmoja alisimamisha tonge hewani akaniangalia kama niliyemdai deni asilolijua. Nilionja. Ilikuwa kama kuzama baharini pale Mama Ngina, Mombasa. Sufuria nzima ikaenda kwa kuku, na kuku nao wakaikagua.

Siku ya pili nilisikiliza maelekezo, kwa kuwa sasa nilikuwa na unyenyekevu. Maji mengi yachemke kwanza, mboga iingie dakika tano hivi, maji yamwagwe yote. Yamwagwe kabisa, yasifanywe supu. Hayaondoi chumvi tu: mboga hii ina oksaleti, kemikali ya asili ya majani, ile tunayokuta pia kwenye mchicha, na kuchemsha kisha kumwaga maji huipunguza. Ikiwa bado ni kali unarudia. Halafu unakaanga kitunguu na nyanya, unatia mboga, dakika mbili, bila chumvi hata chembe. Ikitoka hapo inabaki na ugumu mtamu wa kutafuna, haivurugiki kama mchicha. Ladha ni nzuri. Lakini kusema ukweli, kwa njia hii unapoteza kile ulichokiagiza. Unatoa chumvi yote kutoka kwenye mboga iliyosafiri usiku kucha kwa sababu ya chumvi. Kwa hapa kwetu, ambapo dek (mgagani) na apoth (mrenda) ziko soko la Kibuye kwa bei ya chini zaidi, sioni sababu ya kuila hii kwa bakuli.

Siku ya tatu ndipo nilipoielewa, na nilielewa kwa sababu ya mama yangu. Yeye ni wa Butere, magharibi mwa Kenya. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunachoma maganda makavu ya maharagwe, tunaweka jivu kwenye chombo kilichotobolewa, tunapitisha maji polepole, na yale maji ya rangi ya chai tunayaita musherekha. Yanaingia kwenye mrenda, mboga inalainika. Yaani sisi watu wa magharibi tumekula chumvi inayotoka kwenye mimea tangu zamani, ila tunaipitisha motoni kwanza. Nikawaza, basi hii ya pwani ni musherekha ambayo haijachomwa. Nikaikatakata nikaitia kwenye mrenda mahali pa musherekha. Haikufanya kazi hata kidogo! Mrenda ulibaki mgumu vilevile, ila wenye chumvi. Chumvi ya jivu ni ya aina ya magadi, ndiyo maana hulainisha. Hii ni chumvi ya bahari, ileile ya mezani. Mmea unaivuta kwa mizizi na kuifungia ndani ya vifuko vya maji kwenye jani, na ndiyo maana jani ni nene. Mmea mwingine ukinywa maji hayo unakauka.

Mrenda ulinishinda, lakini wazo lilibaki: hii si mboga, ni kiungo. Tangu siku hiyo naitumia pale ambapo mkono ungeenda kwenye kopo la chumvi. Majani mabichi machanga, ya nchani tu, nayaosha mara tatu kwa sababu mchanga hujificha kwenye vifundo, nayakata mapana ya kidole na kuyachanganya kwenye kachumbari: nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu. Hakuna chumvi. Kwa sahani moja kiganja kimoja kinatosha, kisizidi. Nayo ikae na samaki wa kukaanga aliyekaushwa vizuri, si wa mchuzi. Ukitafuna, jani linapasuka, maji ya chumvi yanakutana na mafuta ya ngege, ndimu inapita katikati. Mzee wa bandarini alikula kimya mpaka akamaliza, akageuza mfupa, akala na kichwa. Hakusema kitu juu ya pengo.

Omena, dagaa wetu wa ziwa, nao wanaikubali. Waoshwe kwa maji moto, wakaangwe wakauke, kitunguu na nyanya, kisha majani yaliyokatwa yaingie dakika ya mwisho na moto uzimwe. Na tui la nazi? Mama wa Kilifi ndiyo anavyoipika, iliyochemshwa kwanza halafu tui zito, na anasema nyingine zote ni kuhangaika. Nilijaribu kwa nazi niliyoikuna mwenyewe. Ni tamu, nakiri, utamu wa tui na chumvi vinapendana. Ila nazi hapa Kisumu ni ghali, na mteja wangu wa shilingi 250 hawezi kunilipia safari mbili za pwani kwenye sahani moja.

Achari ndiyo iliyonishinda kwa uzuri. Chupa ya jemu iliyotumika tena, ndani majani na vishina vichanga kwenye siki, sukari kidogo, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbili nzima. Ufilipino wanaifanya sana hii, mmea huo wanauita dampalit. Ya mama wa Kilifi haikuwa laini, bado inalia mdomoni, na siki imeivunja chumvi nguvu. Kijiko kimoja kando ya mbuta (sangara) wa kuchoma kinafanya kazi ya sahani nzima. Lawama yangu ni moja na ni kubwa: chupa haikuwa na tarehe. Haikuwa na kibandiko chochote wala alama ya ukaguzi. Yeye anasema ni ya nyumbani, na mimi namwelewa, lakini ninayemlisha mtu kwa malipo siwezi kujibu "ni ya nyumbani". Kwa hiyo achari haiuzwi hotelini kwangu. Naila mimi, na naigawa kwa watu ninaowapenda na wanaojua walichopewa. Chupa ya pili aliandika tarehe kwa kalamu juu ya plasta ya jeraha. Ni mwanzo.

Watu wawili siwawekei kabisa. Mama mkwe ana presha, na hakuna maneno ya "hii ni chumvi ya asili" yatakayonishawishi. Chumvi ikiwa ndani ya jani ni chumvi. Na jirani yangu aliyewahi kupata mawe ya figo, kwa ajili ya ile oksaleti. Wote wawili wamenuna.

Kuna walioniambia napoteza hela, kwamba mmea huu uko hapahapa. Kijana mmoja wa boda aliapa ameuona Dunga, ufukweni mwa ziwa hapa Kisumu, tukaenda naye Jumapili. Alichonionyesha ni ile mboga ya bustanini, Portulaca oleracea: inatambaa, ina majani manene, shina jekundu, kwa mbali unaweza kuapa. Lakini majani yake yana umbo la kijiko na hujikusanya nchani, ua ni la njano, na ukionja ni uchachu, chumvi hakuna. Hiyo nayo ni mboga halali, huliwa nchi nyingi. Ila si hii, na hii haitaota Dunga yenyewe, ziwa letu ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Mwingine akaleta simu na picha ya vijiti vya kijani vyenye pingili, havina majani ya kuonekana, akasema wazungu wanavila na samaki. Ni kweli wanavila, hiyo ni salikonia, nayo hupenda matope ya chumvi. Ni jirani yake, wanakunywa kisima kimoja. Sio yenyewe. Na kabla mtu wa Nakuru hajaniandikia: hapana, usinichumie kando ya ziwa lenu. Pale ni hifadhi ya wanyama, na maji yale ni ya magadi, si ya bahari.

Nilichofanya badala yake ni kuchomeka. Vile vishina vya chini nilivyolalamika kuvilipia vilikuwa na vifundo vyenye mizizi tayari, nikavichomeka kwenye makopo mawili ya mafuta ya kupikia, udongo nusu na mchanga nusu. Vimeshika vyote. Kopo la kwanza nalimwagilia maji ya mfereji tu, na linakua bila shida, ila jani lake halina ladha kubwa, ni kama tango lililosahau jina lake. La pili nalipa maji yenye kijiko kidogo cha chumvi kwa lita, mara moja kwa wiki. Hilo majani yake ni manene zaidi na kachumbari yake inaeleweka. Sitalisha hoteli kwa kopo moja, lakini mtu wa familia anayetaka majani kumi kwa samaki wa Jumapili anaweza kununua kilo moja maishani mwake na kumalizia hapo. Mama wa Kilifi asiione sentensi hiyo.

Mbichi hukaa siku saba hivi kwenye friji ikiwa kavu na imefunikwa gazeti. Ukiiosha kabla ya kuihifadhi unaiua.

Ijumaa nashuka tena ofisi ya basi. Safari hii kilo moja tu, ncha tupu, kwa shilingi 260 kwa vile nimekataa kuni, na chupa tatu za achari zenye tarehe. Mzee wa bandarini ametaka moja iwe yake na amenitumia hela yote mapema, kabla mzigo haujapakiwa. Nimemrudishia nusu. Nimemwambia hapa kwetu siku hizi nusu inalipwa Mombasa, na nusu baada ya kuchambua mezani.